Podkasti yako ya kwanza: mwongozo kamili wa kuianzisha bila kuchoka njiani

Podkasti nyingi hazifi kwa kukosa maikrofoni nzuri. Zinakufa kwa sababu mwenyewe aliahidi kipindi cha saa moja kila wiki, halafu kufika kipindi cha sita au cha saba akaona kwamba kumtafuta mgeni, kurekodi, kukata, kuandika maelezo na kusambaza kunamla siku mbili nzima, na yeye ana kazi, ana watoto, na Jumamosi kuna msiba. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzii dukani. Mada, urefu, chumba, namna ya kuhariri: kila uamuzi upime kwa swali moja tu, je, wiki ijayo nikiwa nimechoka nitaweza kuurudia?

Nitatumia mfano mmoja ili tusizungumze hewani: podkasti ya Kiswahili kuhusu biashara ya mitumba Dar es Salaam, inayotengenezwa na mtu mmoja mwenye simu ya Android na kompyuta ya kawaida. Wewe weka mada yako mahali pake.

Hatua ya kwanza: mada na ahadi

"Biashara" si mada. "Biashara ya mitumba" imekaribia. "Watu wanaoishika nguo ya mtumba tangu belo linapofunguliwa hadi inapovaliwa" hiyo ni mada, maana inakwambia papo hapo mgeni wako ni nani na nani si mgeni wako.

Chukua karatasi uandike vichwa kumi vya vipindi kabla hujanunua chochote. Anayenunua belo bila kuona kilichomo ndani. Fundi cherehani anayepunguza suruali za wazungu wanene. Anayepiga pasi. Machinga anayezungusha mashati maofisini siku za mshahara. Mama anayeuza nguo za watoto kwa WhatsApp bila fremu. Mfanyabiashara aliyeanza upya baada ya soko la Karume kuungua Januari 2022. Ukikwama kwenye kichwa cha tano, ama mada ni finyu mno, ama huijui vya kutosha. Dawa ya hilo la pili ni kwenda sokoni, kukaa na watu, kununua soda na kusikiliza. Kusoma zaidi mtandaoni hakutakusaidia.

Kisha ahidi kidogo. Mimi naona anayeanza afanye vipindi vya dakika 20 hadi 25, viwili kwa mwezi, kwa msimu wa vipindi nane, basi. Msimu una mwisho unaojulikana, kwa hiyo ukipumzika hujashindwa, umemaliza. Ukitangaza "kila Jumatatu" bila mwisho, Jumatatu moja tu ukiikosa, aibu ndiyo itakayokuzuia kurudi. Na usitoe kipindi cha kwanza kabla hujawa na vitatu au vinne vilivyokamilika. Akiba hiyo ndiyo itakayokuokoa wiki ambayo mgeni atakwambia "nipo njiani" mpaka jioni.

Hatua ya pili: vifaa, kwa ufupi

Simu yako inatosha kurekodi. Tatizo la simu ni umbali: maikrofoni yake ikiwa mita moja kutoka mdomoni inasikia chumba kuliko inavyokusikia wewe. Ndiyo maana maiki ya kubana kwenye kola, kama Boya BY-M1 inayouzwa Kariakoo na kwenye maduka ya Luthuli Avenue kule Nairobi, inabadilisha sauti kuliko simu mpya ya bei mbaya. Ina waya wa mita 6 na kiswichi kidogo. Kwa simu, kiswichi kikae upande wa simu, si wa kamera. Simu isiyo na tundu la hedifoni itahitaji adapta ya USB-C, na hakikisha ni adapta inayopokea maikrofoni, kwani zipo zinazotoa muziki tu.

Mgeni na wewe mkiwa wawili, msigawane maiki moja. Njia rahisi ni simu mbili, kila mmoja na yake na maiki yake. Mnapoanza kurekodi piga kofi moja kubwa, na huo mlio ndio utakaotumia baadaye kulinganisha faili mbili kwenye kompyuta. Faida yake utaiona wakati wa kuhariri: mgeni akikohoa unapouliza swali, unafuta kikohozi bila kugusa swali.

Ukiwa na fedha kidogo zaidi, Samson Q2U au Audio-Technica ATR2100x zinachomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta kwa USB, na siku ukipata mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, zina pia tundu la XLR la kuchomeka huko. Hizo ni maiki za aina ya dainamiki, familia moja na ile Shure SM58 inayoonekana kwenye makanisa na kumbi za harusi. Nasisitiza aina kwa sababu maduka yanapenda kukuuzia aina nyingine, maiki ya kondensa ya "studio", yenye stendi na kisponji. Kondensa ni nyepesi kusikia mno, itakuletea jirani, jogoo wake na redio yake. Katika nyumba zetu za kupanga, dainamiki ndiyo rafiki.

Hedifoni za waya ni lazima. Usirekodi bila kusikiliza walau dakika moja ya majaribio, maana waya uliolegea hauonekani kwa macho.

Hatua ya tatu: chumba

Hapa ndipo pa kutumia muda, na ni bure. Kelele za nje unaweza kuzipunguza baadaye kidogo. Mwangwi wa chumba hautoki, umeshaingia ndani ya kila neno. Ingia chumbani, piga kofi. Ukisikia mlio unabaki hewani, hapo hapafai. Sebule yenye sakafu ya marumaru na kuta tupu, hata iwe nzuri namna gani, ni mahali pabaya. Chumba cha kulala chenye godoro, pazia zito na kabati la nguo lililo wazi ni studio. Kaa ukielekea nguo, siyo ukuta, kwa sababu sauti inatoka mdomoni kwenda mbele. Blanketi likitundikwa nyuma ya anayeongea nalo linasaidia, kwa kuwa maiki inaelekea huko.

Gari lililoegeshwa, vioo juu, injini imezimwa, lina utulivu wa ajabu. Ila ni asubuhi mapema tu. Saa sita mchana Dar es Salaam mtatoka mmeiva.

Halafu saa. Kwenye mtaa wa kawaida, kati ya saa nne asubuhi na saa sita watoto wako shule, watu wako kazini na hamna adhana katikati. Jioni kuna kila kitu: mpira, bodaboda, muziki wa jirani, sahani. Paa la bati na mvua havichukuliani hata kidogo, kwa hiyo msimu wa masika weka akiba ya vipindi mapema. Zima feni. Zima friji pia, na weka funguo za nyumba ndani ya friji hiyo, usije ukaondoka ukasahau kuiwasha. Simu inayorekodi iweke kwenye hali ya ndege, la sivyo ujumbe wa muamala utalia katikati ya hadithi nzuri kuliko zote. Na simu ichajiwe ijae, maana umeme ukikatika simu haitajali.

Kabla mgeni hajaanza, rekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba chenyewe, wote mkiwa mmenyamaza. Utaelewa matumizi yake tukifika kwenye kuhariri.

Hatua ya nne: mgeni

Mtu anayekuchekesha kwa dakika 20 huku mnakunywa chai, ukimwekea maiki anaweza kugeuka msemaji wa wizara. Anakaa wima, anaanza "kwanza kabisa napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu", kisha "changamoto ni nyingi sana katika sekta yetu". Si kosa lake. Maisha yake yote amesikia kwamba kinachorekodiwa huzungumzwa hivyo. Kazi yako ni kumrudisha kwenye chai.

Mfuate siku moja kabla, au angalau mpigie. Usimtumie maswali yote kwa maandishi, atakuja amekariri majibu. Mwambie mada na mambo matatu mtakayogusa. Siku yenyewe salamu ziende kwa urefu wake wa kawaida. Kama ni mtu mzima, shikamoo itoke, ya nyumbani yaulizwe, usiharakishe kwa sababu maiki imewashwa. Zile dakika tano utazikata baadaye na hakuna atakayejua, lakini mgeni aliyeamkiwa vizuri anaongea tofauti.

Kumfunga maiki kunahitaji adabu na akili. Ikae juu ya kifua, kama kiganja kimoja chini ya kidevu. Mama aliyevaa ushungi aibane mwenyewe, nje ya kitambaa, kwa sababu maiki iliyofunikwa na ushungi inasugua na kila anapogeuza shingo unasikia kama mtu anakwangua. Bangili na mkufu mrefu viwekwe pembeni. Kwa maiki ya mezani, ikae upande kidogo wa mdomo, upana wa kiganja, isielekezwe katikati, kwani herufi kama "p" na "b" hupiga pumzi. Mwambie aseme "papa wa pwani apepesuka" na usikilize.

Sasa maswali. Swali la "changamoto" litakupa jibu la changamoto. Uliza tukio. "Mama, belo la mwisho lililokupa hasara, ulipokata kamba ukaona nini?" Hapo atakwambia rangi ya masweta, bei, alivyokaa chini, mumewe alisema nini. Uliza pesa kwa namba, lakini jua kwamba mfanyabiashara akitaja mauzo yake hadharani anafikiria Mamlaka ya Mapato, anafikiria ndugu wa kukopa, anafikiria mwenye fremu. Mwahidi kabla hamjaanza kwamba mkimaliza utamuuliza kama kuna kitu angependa kitolewe, na utimize. Kufanya hivyo hukupa ukweli mwingi zaidi kuliko kumbana.

Ridhaa yake iwe ndani ya rekodi: ajitaje jina analotaka litumike, aseme anakubali sauti yake isikike mtandaoni. Ni sekunde kumi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina yake ya 2019, na hata pasipo sheria, mtu anastahili kujua kuwa "mtandaoni" maana yake ni pamoja na shemeji yake aliyeko Muscat.

Tabia moja yetu ya kuizuia ni kuitikia. Mswahili anaposikiliza husema "ehee", "enhe", "naam", "kumbe", na asiposema anayeongea huhisi hasikilizwi. Kwenye rekodi, kila "ehee" yako inakaa juu ya neno lake. Mwambie mapema: "Nitakuwa natikisa kichwa tu, usidhani sikusikii." Kisha tikisa kichwa kweli, na umtazame, usitazame karatasi. Akimaliza jibu, kaa kimya kwa pumzi mbili. Mara nyingi ataongeza sentensi, na hiyo ya nyongeza ndiyo uliyoijia.

Mgeni akiwa mbali, Mwanza au Doha, usirekodi simu ya WhatsApp ukategemea hiyo. Mpigie kwa simu moja huku kila mtu akijirekodi kwa simu nyingine iliyo karibu na mdomo, akiwa amevaa hedifoni ili sauti yako isiingie upande wake. Mkianza, hesabuni moja, mbili, tatu, pigeni kofi. Mwisho akutumie faili lake kwa WhatsApp kama waraka. Asirekodi kwa kitufe cha sauti cha WhatsApp, kwa kuwa hicho huibana sauti ikapoteza ubora, wakati waraka hufika kama ulivyo.

Hatua ya tano: kuhariri

Audacity ni programu ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na haina haja ya intaneti ukishaipakua. Rekodi yako iwe WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa. Dakika moja ya WAV ya chaneli moja (mono) hula kama megabaiti 5, hivyo mazungumzo ya dakika 40 ni kama 200, andaa nafasi. Wakati wa kurekodi vilele vya sauti vicheze kati ya desibeli −12 na −6. Vikigonga sifuri sauti imepasuka, na hakuna kitufe cha kuishona.

Fanya kazi kwa utaratibu huu. Weka faili mbili, zilinganishe kwa lile kofi. Chagua zile sekunde 30 za ukimya, nenda kwenye Noise Reduction uifundishe programu kelele ya chumba, kisha uipunguze kwenye rekodi nzima. Punguza kwa desibeli 6 hadi 10 tu; ukizidisha, mgeni atasikika kama anaongea akiwa ndani ya ndoo. Ondoa mngurumo wa chini ya hezi 80 kwa kichujio cha High-Pass. Hapo ndipo uanze kukata hadithi, ambayo ndiyo kazi yenyewe.

Kata mwanzo bila huruma. Msikilizaji mpya hakujui, na dakika mbili za "karibuni sana, mimi ndimi mwenyeji wenu, leo tuna mada nzito" ndizo atakazozitumia kuondoka. Anza na mgeni akiwa katikati ya tukio, sekunde 20 au 30, ndipo ujitambulishe kwa sentensi mbili. Kata swali lililorudiwa, kata jibu ambalo hata wewe ukilisikia mara ya pili unachezea simu. Usikate kila "aah" na kila pumzi. Mazungumzo yaliyofutwa pumzi yanachosha masikio, na wewe yatakumaliza.

Saa moja ya mazungumzo humla mhariri anayeanza saa tatu hadi nne kirahisi. Hii ndiyo sababu nyingine ya kurekodi dakika 35 na kutoa 22, badala ya kurekodi saa mbili "tutachagua baadaye". Jiwekee ukomo. Muda ukiisha, kipindi kimekamilika.

Mwisho sawazisha ukubwa wa sauti ili msikilizaji asiwe anapandisha na kushusha. Kipimo chake ni LUFS. Apple hupendekeza −16, na ukifikia hapo uko salama karibu kila mahali. Kwenye Audacity tafuta Loudness Normalization. Huja ikiwa −23, kiwango cha televisheni za Ulaya, kwa hiyo badilisha. Toa MP3 ya chaneli moja, kilobiti 96 kwa sekunde. Dakika 25 zitakuwa kama megabaiti 18. Mtu anayenunua bando la siku atakushukuru bila kukwambia.

Hatua ya sita: kupakia, na sheria

Podkasti si faili unalopeleka Spotify, halafu Apple, halafu kwingine. Unalipakia mahali pamoja panapokutengenezea anwani ya RSS, na majukwaa mengine yote yanasoma anwani hiyo. Spotify for Creators ni ya bure. Buzzsprout, Podbean na RSS.com zina mipango ya kulipia. Kabla ya kuchagua uliza jambo moja: nikitaka kuhama, mtaielekeza anwani yangu kwenye huduma mpya nitakayohamia? Jibu likiwa hapana, achana nao. Huduma kubwa hufungwa. Stitcher ilifungwa Agosti 2023 na Google Podcasts ikafuata 2024. Faili zako za WAV na MP3 zikae kwenye diski yako pia.

Jalada liwe mraba wa pikseli 3000 kwa 3000, na Apple haipokei chini ya 1400. Litazame likiwa dogo kama ukucha wa kidole gumba. Jina likisomeka, umemaliza. Picha yako na maiki mkononi si lazima. Apple hukagua podkasti mpya kabla ya kuiorodhesha, kwa hiyo pakia utangulizi wa dakika moja siku kadhaa kabla ya uzinduzi.

Muziki wa bongo fleva usiutumie bila ruhusa, hata sekunde tano. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na ofisi yake, COSOTA, na YouTube hutambua wimbo kwa mashine kabla binadamu hajasikia. Mpe mpiga gitaa wa mtaani kwenu fedha kidogo akupigie sekunde nane, muandikiane karatasi ya makubaliano. Sauti ya sokoni uliyorekodi mwenyewe nayo ni utambulisho mzuri kuliko midundo ya bure inayosikika kila mahali.

Ukiwa Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilianza 2018 na zikaandikwa upya 2020, nazo zinagusa hata watu binafsi wanaotoa vipindi kwa umma. Leseni ni kazi ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi. Habari na siasa hazitazamwi sawa na burudani au elimu. Waulize TCRA wenyewe kuhusu aina yako na ada ya sasa kabla hujazindua.

Hatua ya saba: kuwafikia watu

Wasikilizaji wako wa kwanza hawana programu ya podkasti na hawataipakua kwa ajili yako. Wako WhatsApp na YouTube. Kata kipande cha sekunde 40, sentensi moja kali ya mgeni, weka juu ya picha yenye maandishi, peleka kwenye status, na kiungo kifuate. Mpe mgeni kipande chake pia. Yeye ana watu 300 kwenye simu yake wanaojali alichosema, wewe una wachache wanaojali podkasti. Kwenye YouTube weka sauti na picha moja tuli. Video kamili ni kazi nyingine na uchovu mwingine, isubiri msimu wa pili.

Takwimu za mwanzo zitakukera. Usitazame jumla, tazama mstari unaoonyesha watu wanaondokea dakika ya ngapi, ambao Spotify, Apple na YouTube wote wanao. Wakiondoka dakika ya pili, tatizo ni utangulizi wako. Wakiondoka ya kumi na tano, umerefusha. Pesa ya matangazo usiihesabu sasa. Ikija, pengine itaanzia kwa muuza belo anayetaka jina la duka lake litajwe.

Kati ya msimu na msimu

Kipindi cha nane kikitoka, rekodi dakika mbili za kuaga: sema unarudi mwezi gani, na wape namba ya WhatsApp ya kazi, siyo yako binafsi, watume sauti za kupendekeza wageni. Kisha pumzika wiki mbili bila kugusa Audacity. Wiki ya tatu sikiliza vipindi vyote nane mfululizo ukiwa unapika au unatembea, uandike mambo matatu ya kubadilisha, si ishirini. Weka karatasi mpya ya vichwa kumi, piga simu kwa wageni watatu wa kwanza, na panga tarehe za kurekodi kabla ya tarehe ya kutoa.